Niliikagua Lakiri, Sikuikagua Diski

Mshauri mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu mzee wa watu atafukuzwa kazi kwa kosa ambalo ni langu. Mimi ni karani katika ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, na kazi yangu mojawapo ni kukagua kila diski ya kompyuta inayoingia, na mwezi uliopita kampuni inayotuuzia programu ilileta diski mpya katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, nami nikajikuta njia panda, kwani kanuni moja inasema diski ikaguliwe kabla ya kupokelewa na nyingine inasema bahasha iliyofunguliwa isipokelewe, basi nikaikagua lakiri, nikaiona nzima, nikapiga muhuri wa IMEKAGULIWA, nikatia sahihi, ndipo nikaifungua na kuitia diski katika kompyuta zote sita. Siku ya tatu tarehe zikavurugika, mtoto wa miezi minne cheti kikasema ana miaka sabini na moja, na mama yake akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Sasa dada, nimnyonyeshe au nimfuatilie pensheni?"

Mkuu wetu akasema hicho ni kirusi, na kimeletwa na mzee mpiga chapa, ambaye kila mtu anajua hucheza karata kwenye kompyuta yake kwa diski aliyopewa na mpwawe. Mzee akasimamishwa. Alipokuwa akikusanya miwani na kikombe chake aliniambia, "Binti yangu, wewe ndiye unayezijua hizi mashine. Waambie." Nikainama, nikajifanya natafuta kalamu.

Wiki iliyopita niliitia ile diski ya kampuni katika kompyuta mpya ya stoo, ambayo haijaguswa na mtu mwingine, nayo siku ya tatu ikavuruga tarehe vilevile. Sijamwambia mtu. Na leo kampuni imeleta diski ya kuua kirusi, ina lakiri yake, na mkuu anataka niipigie muhuri. Nifanye nini?

Karani Mwoga

JIBU

Pole, binti, ila pole yenyewe ni fupi. Wewe ulikagua ganda, ukaapa kwamba yai si viza. Kanuni mbili zikigongana, karani huuliza. Wewe ukaogopa kuonekana hujui, ukapiga muhuri. Mkuu wako naye kapata mtuhumiwa kabla ya kupata ushahidi: karata hazina lakiri, basi zina hatia! Mzee na akaripiwe kwa kucheza kazini, lakini asifukuzwe kwa kirusi kilichokuja kimevaa tai.

Wala usiniambie hujui la kufanya. Asiyejua hangekwenda stoo.

Diski mpya usiipigie muhuri. Ifungue mbele ya mkuu, itie katika ile kompyuta ya stoo peke yake, na msubiri hizo siku tatu. Akifoka, mkumbushe pensheni ya yule mtoto mchanga. Ile diski ya kwanza na bahasha yake, vifungie kabatini; kampuni ikija kuviomba kwa tabasamu, usitoe.

Kisha andika barua leo hii, ukurasa mmoja, kwa mkuu na kwa wale watakaoamua kesi ya mzee Jumatatu: ulichokipigia muhuri, na ulichokiona stoo. Huenda ukapewa onyo. Onyo halizimi jiko la mtu; mzee yeye atakosa kazi.

Ile kalamu uliyojifanya unaitafuta, iokote. Barua utaiandika kwa hiyo, na nakala ya kwanza umpelekee mzee mwenyewe, mkononi, ukimtazama usoni.