Visanduku vya Mbayuwayu

Lodwar, Aprili

Mama Olive, huko kambini Kakuma,

Nimekuficha jambo, na daktari ameniambia siku zangu zimebaki chache, nisikawie kusema. Umeuliza kama mbayuwayu wamefika, ndipo uombe kibali cha kusafiri. Wamefika. Tangu mvua inyeshe, wanaelea juu ya ua wangu asubuhi, wepesi kama usingizi. Nalala nje nikiwatazama, hadi sijui kama wanaoruka ni wao au ni kitanda changu.

Kisha wanachota matope mtoni Turkwel na kujenga chini ya daraja. Katika visanduku vya viota ulivyoniundia mwaka baada ya mwaka wanakaa mijusi. Ulikuwa ukicheka, "Mwalimu, hawa ndege yako ni kama wakubwa wa ofisi! Kila nikifika, wametoka." Nami nikajibu, "Wametoka sasa hivi tu, Mama Olive," kisha nikakuomba kisanduku kingine.

Nilifundisha sayansi hadi nikastaafu. Tangu kile cha kwanza nilijua kwamba mbayuwayu wa hapa hawaingii kwenye visanduku. Niliendelea kuviagiza kwa sababu sikujua njia nyingine ya kukuomba uje.

Ni mimi,
Mwalimu Ewoi