Ramani ya Machimbo ya Chunya

Dunda, Jumatano, 17 Machi 1971

Nimemnunia Bibi mchana kutwa, sasa naona haya.

Tulikuwa tunasafisha chumba cha marehemu Baba. Bibi, mama yake, akaokota ile ramani kuukuu ya machimbo ya dhahabu ya Chunya. Macho yake mabovu yaliona herufi za Kiarabu pembeni tu. Akadhani ni aya, akaichoma kwa heshima zote isije ikakanyagwa.

Herufi zile aliziandika Baba. Zilieleza mahali alipomzika mdogo wake Salum, kitinda mimba wa Bibi, aliyekwenda kuchimba asirudi. Hakuna mwingine apajuaye. Nami sikuwahi kuzinakili, mjinga mimi.

Jioni Bibi akaniuliza, “Ilikuwa sura gani, mjukuu wangu?”

“Yasini, Bibi.”

Akaniambia basi tumsomee Baba na Salum.