Kikohozi Juu ya Paa

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa kaka,

Salamu tele. U mzima? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunasukuma siku. Mimi mzima, ila usingizi umenipa kisogo, na mama amegoma kula. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Ulikuwa umeshaondoka baba alipotengeneza mashine yake ya upepo. Alipasua pipa la mafuta katikati, akazigeuza nusu zake moja huku, moja kule, akazichomelea kwenye mhimili wa kusimama. Chini akaweka dinamo na beringi ya lori bovu. Akaisimika juu ya paa, upande wa barabara kuu, ili hata upepo wa malori yanayopita uizungushe. Majirani walicheka wee, mpaka umeme ulipokatika mtaa mzima na kwetu taa zikawaka.

Beringi ilikuwa kavu. Kila lori likipita, ilikohoa mara mbili, kisha ikashusha pumzi. Na baba, unamjua, kwa ule moshi wa kuchomelea alikohoa hivyo hivyo. Tulimtania kwamba amezaa mtoto wa chuma.

Tulipomzika, ikaendelea. Niko jikoni naosha vyombo, nasikia baba anakohoa juu, nageuka kumwitikia. Lakini mama alitulia. Alikula akashiba, akawa anaongea na dari kama mtu anayejibiwa. Niliogopa, ila nikasema potelea mbali, mradi anakula.

Mwezi uliopita akaja Mzee Koleo, fundi mwenzake baba. Kwa roho safi kabisa akapanda, akaipaka beringi grisi, akashuka anajisifu. Ikanyamaza kweli. Siku hiyo hiyo mama akasukuma sahani kando, na tangu hapo ni chai tu, tena kwa kubembelezwa. Daktari haoni ugonjwa wowote, ila ameniambia wazi kwamba akiendelea hivi tutampoteza.

Juzi nikapanda mwenyewe. Niliiosha beringi kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote ikatoka, nikashuka nikaketi kando ya kitanda chake kusubiri lori. Likapita. Mashine ikakohoa. Mama akainua kichwa, akasikiliza, akanikamata mkono.

"Huyo ni nani?" akaniuliza.

Bado inakohoa, lakini sauti si ya baba tena, na mama amejifunika shuka gubigubi. Mimi nami paa hilo sipandi tena.

Kaka, usinicheke. Sauti ya baba umeirithi wewe, hata kukohoa kwake. Kata tiketi uje. Ukifika usipige hodi. Pita uani, usimame chini ya dirisha lake, ukohoe.

Shangazi anakusalimu sana. Mzee Koleo anaomba radhi kwa kila mtu, na wewe umo. Wabusu watoto. Mungu akulete mama angali anasikia.

Mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukungoja,
Kitindamimba.