Mwanangu Hunitazama Usoni Kwanza

Mshauri mpendwa, naomba unisamehe kwanza ndipo unisaidie, maana umetuonya mara nyingi kwenye safu hii tusingoje jambo lioze ndipo tukuletee, na mimi nimengoja. Kila nikikaa niandike mtoto anaamka, au sufuria inafurika, au nasinzia kalamu ikiwa mkononi. Leo nimeiba muda wa chakula cha mchana, nimekaa juu ya marobota ya mashuka, mwandiko ukipinda utanivumilia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miaka minne. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, tunafua mashuka ya hospitali, mimi niko upande wa kupiga pasi na kukunja. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Tunaishi na mama mkwe, na yeye ndiye anayemchukua mtoto shuleni mchana na kukaa naye mpaka nirudi. Bila yeye mimi sina kazi, naomba ulijue hilo mapema.

Mtoto anasoma shule ya awali ya mtindo wa Montesori. Nilimpeleka kwa sababu ilikuwa karibu, si kwa sababu nilijua maana yake. Bibi yake akimuuliza, "Mume wangu, leo umesoma nini?" anajibiwa, "Nimemimina maji." Siku nyingine, "Nimefunga vifungo." Basi mama mkwe ananigeukia mimi: "Kumbe nimeolewa na mtumishi wa ndani. Wenzake wanasoma a, e, i, o, u, huyu wangu anafundishwa kudeki." Tunacheka, lakini mzaha wa mama mkwe naujua, una mwiba ndani.

Mwezi uliopita boila ya kiwandani iliharibika, tukapewa likizo ya wiki, nikamwomba mwalimu nikae darasani nijionee mwenyewe. Akaniweka pembeni kwenye kiti kidogo, magoti karibu yanifike kidevuni, akanipa masharti mawili tu: usiseme, usisaidie. Nikadhani ni rahisi.

Jumatatu mwanangu alichukua trei kwenye rafu, ina majagi mawili madogo na sponji, akamimina maji kutoka hili kwenda lile, akayarudisha, akamimina tena, na mimi mkono unaniwasha nimshikie. Maji yakamwagika mezani. Nikajua sasa atanitafuta kwa macho, kwa sababu nyumbani hagusi kitu wala hamwagi kitu bila kunitazama usoni kwanza, na bibi yake humsifu kwa hilo, anasema mtoto ana adabu. Hakunitazama. Hakumtazama mwalimu wala mtu yeyote. Alichukua sponji, akafuta, akaikamua, akaendelea na kazi yake. Sijui kwa nini, mshauri, lakini nililia pale kwenye kile kiti, nikajifanya nina mafua.

Jumanne ilikuwa vifungo, kitambaa kimewambwa kwenye fremu ya mbao, anafunga kimoja kimoja ulimi nje, akimaliza anavifungua vyote anaanza upya, na huyo ndiye mtoto ambaye kila asubuhi namfunga shati mimi kabla hajamaliza mwayo. Jumatano akakunja vitambaa kwa kufuata mistari iliyoshonwa, kona juu ya kona, kazi ileile inayonivunja mgongo, ila yeye alikunja kama mtu asiye na msimamizi. Alhamisi mwalimu alikaa naye chini na vibao vyenye herufi za msasa, mtoto anapitisha vidole viwili juu ya herufi huku anatamka sauti yake, kwa hiyo si kweli kwamba hawasomi, ni kwamba wanaanzia vidoleni. Ijumaa wakacheza mchezo wa kimya, wote wametulia sakafuni mpaka saa ya ukutani inasikika, mwalimu yuko nje ya mlango anawaita mmoja mmoja kwa mnong'ono, na anayeitwa anainuka taratibu anamfuata. Wangu aliitwa wa mwisho. Aliwangoja wenzake wote, na jina lake lilipofika alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

Nikarudi nyumbani moyo umejaa. Jumapili mama mkwe akasema ana kiu, na kabla sijainuka mtoto amekwisha kufika mezani, ameshika jagi letu kubwa kwa mikono miwili, anamimina kwenye glasi ya bibi yake, ile yenye maua ambayo mtu mwingine haigusi. Jagi lilimzidi. Glasi ikaanguka, ikavunjika. Hakunitazama. Alikwenda nyuma ya mlango akachukua ufagio na kizoleo, akarudi navyo.

Mama mkwe akasema, "Haya. Hata samahani hasemi. Ndiyo Montesori hiyo."

Na mimi nikamnyang'anya ufagio, nikamfokea: "Nani kakutuma? Shule inakufundisha utundu?" Nilisema huku najua si kweli. Nilisema ili mama mkwe aone niko upande wake.

Tangu siku hiyo mtoto haombi hata maji, anangoja apewe. Na juzi mwalimu kanivuta kando, kaniambia sasa hata darasani anasimama mbele ya rafu, mikono nyuma, anamtazama yeye usoni. "Mama, kuna kitu kimetokea nyumbani?" Nikajibu hakuna.

Mama mkwe amepata shule nyingine, ya madawati na madaftari, na amesema mtoto akibaki alipo basi muhula ujao tutafute mtu mwingine wa kukaa naye mchana. Mume wangu anasema, "Malizaneni wenyewe, mimi nashughulika na vinavyoganda."

Nakuomba unitumie haya: jibu kama nimhamishe au nimwache, maneno ya kumwambia mama mkwe yasiyomvunjia heshima, yawe mafupi kwa sababu mimi hutetemeka, la kumwambia mwalimu niliyemdanganya, na kama lipo, jambo la kumfanyia mwanangu ili aache kunitazama vile.

Mkunja Mashuka

MSHAURI ANAJIBU

Mkunja Mashuka, mdogo wangu,

Radhi ya kuchelewa umeipata. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona kwamba huniulizi habari za shule. Shule unaijua kuliko mimi, umeikalia wiki nzima. Unaniuliza nani atasema na mama mkwe. Ni wewe.

Nakuonea huruma, usidhani sikuoni. Mwanamke anayeenda kazini kwa msaada wa mama mkwe hupima kila neno kama chumvi. Lakini siku ile hukupima. Ulikuwa na ujumbe wa kumpelekea mama mkwe, ukamtwisha mtoto, na ulikuwa mzito kuliko jagi. Hilo silifuniki.

Na hilo mnaloliita adabu tuliangalie vizuri. Mtoto anayekutazama usoni ili akusalimie ana adabu. Mtoto anayekutazama usoni kabla ya kunywa maji anakuogopa. Wewe uliona tofauti yake Jumatatu ile, ndiyo maana ulilia. Mafua hayakuwepo.

Sasa, mama mkwe usimfanye adui. Wewe umeona, yeye amesimuliwa na mtoto wa miaka minne. Hata mimi ningeambiwa kila siku "nimemimina maji" ningeuliza ada inakwenda wapi. Tena glasi ilikuwa yake, na sijaona kwenye barua yako mtu yeyote aliyemwomba samahani. Mtoto alikimbilia ufagio, wewe ukakimbilia kufoka. Kufagia si kuomba radhi, na kufoka ndiyo kabisa. Hapo mama mkwe ana haki yake, mpe.

Usimhamishe mtoto. Ukimhamisha sasa, hakuna atakayeweza kumwondolea kichwani kwamba alifukuzwa shule kwa sababu ya glasi ya bibi.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujabadili nguo za kazi, chuchumaa umwambie: "Nilikunyang'anya ufagio nikakufokea. Nilikosea. Vipande vya glasi huokota mama, vinakata. Maji ni yako kuyafuta." Halafu nyamaza, usiongeze mahubiri. Kisha mwende wote wawili kwa bibi, na wewe ndiye uanze: "Mama, samahani kwa glasi yako." Mtoto akisikia ya kwako, ya kwake itafuata, na isipofuata leo usimkamue. Tafuta jagi dogo analoliweza na kikombe kisichovunjika, uviweke anapofika mkono wake. Asubuhi mwamshe mapema kidogo, vifungo ajifungie.

Mama mkwe mwambie hivi tu: "Mama, naomba ukakae darasani asubuhi moja. Ukirudi utaniambia ulichokiona." Ukitetemeka, tetemeka, maneno ni machache. Usimsindikize ukimweleza. Yeye ni mtu mzima, ana macho. Akiona na bado akakataa, hapo mtaketi watatu na mume wako, kwa sababu mtoto ni wake na mama ni wake, na hakuna anayemsamehe mwanamume kazi hiyo kwa sababu ana majokofu. Yeye ndiye atakayeongea na mama yake habari za nani akae na mtoto mchana. Si wewe.

Mwalimu mwambie kesho mlangoni, "Kuna kitu kilitokea, nilimfokea." Hahitaji zaidi ya hapo, na atajua la kufanya.

Hilo la mwisho uliloomba sina la kukutumia. Macho ya mtoto hayasahau kwa siku moja. Atakutazama kesho na keshokutwa, na kila mara atakuta uso wako. Huo uso ndio uulinde usimtishe, hata siku umerudi umechoka, hata mama mkwe akiwa amekaa pembeni anasikiliza.

Anza na mtoto, leo.