Tai Amepanda Tena Ulingoni

Jumatatu, 3 Machi

Naanza leo, na naapa kuandika kila kitu, hata yatakayoniliza. Baba ameacha mieleka! Daktari amesema shingo yake haitaki tena kuanguka. Sasa ni promota. Amekodi ukumbi na kubandika mabango hadi mlangoni kwa kinyozi. Mama alimlisha kiapo kwamba hatapanda tena ulingoni. Jina lake la mieleka lilikuwa Tai, kwa jinsi alivyoruka kutoka kwenye kamba. Leo akasema, "Mke wangu, Tai sasa amevaa tai." Mama akacheka huku akimfungia. Mwenyewe hajui kuifunga.

Alhamisi, 6 Machi

Baada ya shule nilipita ukumbini. Baba alikuwa akifundisha kuanguka: kidevu kifuani, mikono itangulie kupiga turubai. "We Kifaru, mbona unaanguka kama gunia la viazi?" Kifaru mwenyewe alicheka kuliko wote. Ndiye nyota wa onyesho la Jumamosi.

Nilimuuliza baba wanajuaje aliyeumia kweli, maana wote hupiga mayowe. Akaniminya mkono mara moja. Hilo ni swali: uko salama? Ukiwa salama, unaminya mara mbili. Watazamaji hawaoni kitu. Usiku tulifanya hivyo mezani. Mama akauliza tunachekea nini!

Ijumaa, 7 Machi

Kifaru ametukimbia! Promota mwingine amemchukua. Mama alisema basi onyesho lisiwepo, watu waombwe radhi. Baba akasema promota akifuta onyesho la kwanza, hapati la pili. Hakula. Nikamminya mkono. Alijibu mara mbili — lakini polepole.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi baba alikuwa anatoka na mfuko. Mama: "Bwana tai, hivyo viatu vya ulingoni unavipeleka wapi?" Eti kwa fundi. Mama alimwacha atoke. Alivaa, akanichukua, tukamfuata.

Jumapili, 9 Machi

Sitaki kuandika. Lakini niliapa.

Jana ukumbini baba alivua tai, akampa mama aishike, akapanda mahali pa Kifaru. Ukumbi mzima ukasimama: "Tai! Tai!" Nilijivunia, Mungu anisamehe. Kisha akainuliwa juu, akatupwa — na kidevu hakikuwa kifuani. Nilikiona.

Refa akapiga magoti, akamshika mkono. Watu wakashangilia. "Amka mzee, acha maigizo!" Jamaa wa kiti cha nyuma akasema huyu mzee anajua kuigiza kuliko vijana. Refa akashika tena ule mkono. Nikapiga kelele: hajaminya! Hajaminya! Mama alikuwa ameshapita chini ya kamba.

Sasa tupo wodini. Nesi anasema ni usingizi wa dawa, tusubiri. Mama anaikunja ile tai, anaikunjua. Mwandiko umepinda kwa sababu mkono wangu mwingine umeshika wa baba. Una joto.

Nimeminya mara moja. Siachii.

Baba, uko salama?