Jicho Ambalo Halikufundishwa

Mpendwa mke wangu Kwamboka,

Niwie radhi kwa kukuandikia barua isiyo na wa kuifikisha. Tangu utuache nimejizuia, nikiona si adabu kumsumbua aliyepumzika. Lakini limenifika jambo ambalo wewe ulilitambua kabla yetu sote, na hapa Gesima sina mwingine wa kumweleza.

Unamkumbuka yule paka wa kijivu? Mama yake alikuwa mkali, akawaficha watoto wake darini hadi walipoanza kuwinda panzi. Waliposhuka, yeye alikuwa na jicho moja tu lililofumbuka. La kushoto lilikuwa limegandamana kwa usaha. Ulimpakata, ukamwosha kwa maji vuguvugu ya chumvi siku baada ya siku, mpaka jicho likafunguka, likang'aa kama la wenzake. Nilikupongeza. Wewe hukufurahi. Ulimziba jicho la kulia kwa kiganja, ukaniagiza kisosi cha maziwa, nami nikakileta nikiwa nimemwaga nusu njiani, kama ilivyokuwa desturi yangu. Ukakiweka mbele yake. Alibaki akinusa hewa, asijue kilipo.

"Jicho lipo, Baba Nyaboke," ulisema, "ila halikufundishwa."

Nilidhani ni utani wako.

Binti yetu Nyaboke sasa anafundisha baiolojia, na makao yake ni Nyanchwa. Alijifungua msichana baada ya wewe kututoka, akampa jina lako kama inavyopasa. Kwa hiyo yuko Kwamboka tena, wa miaka mitano. Mimi namwita mke wangu, naye hunijibu kwamba hawezi kumpikia mume asiye na meno. Mwaka huu daktari wa macho aligundua kwamba jicho lake la kushoto, ingawa halina ugonjwa, limekuwa likimletea ukungu mtupu tangu azaliwe, na ubongo umezoea kulipuuza. Akamwandikia miwani, akaagiza jicho zuri lizibwe kwa plasta saa kadhaa kila siku, ili lile zembe lilazimike kufanya kazi. Shule zilipofungwa, wazazi wake wakamleta kwangu, pamoja na plasta zake.

Nilimuuliza Nyaboke, kwa upole, kwa nini tusingoje mtoto apate akili kwanza. Akanieleza kwamba mnyama anapozaliwa, pale neva moja inapopokezana habari na nyingine pana protini za kitoto, ambazo zikifunguka hukawia kujifunga, zikiacha habari ipite kwa muda mrefu. Ndiyo maana mtoto mchanga hujifunza upesi. Kadiri macho yanavyopata nuru, protini hizo hubadilishwa taratibu na nyingine za kiutu uzima, zinazojifunga haraka. Hatimaye baadhi ya seli huzungukwa na wavu wa protini, unaokaza miunganisho iliyokwisha kufanyika. Jicho ambalo halikutuma habari safi wakati huo hupoteza nafasi yake, na mwenzake huichukua. Alisema wataalamu wameyachunguza hayo kwa watoto wa panya na wa paka. Aliposema paka, niliweka fimbo yangu chini.

"Ni kama ukuta uliokandikwa leo, Baba," alisema. "Ukiwa mbichi, kidole kinaacha alama. Wa Kwamboka bado ni mbichi, lakini unakauka."

Basi kazi ikawa yangu. Nawe wajua kwamba mimi sikuumbwa kumkatalia mtu mwenye jina hilo. Siku ya Sabato watoto kanisani walimwita Jicho Moja. Akina mama wakanisihi nimwonee huruma, nimbandue plasta walau siku ya Bwana. Tulipofika nyumbani aliupeleka mkono wangu kwenye shavu lake.

"Babu, si wewe ni mume wangu? Nitolee."

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye ukingo wa plasta. Ndipo nikamwona yule paka, akinusa hewa mbele ya maziwa.

"Niwie radhi, mke wangu," nilimwambia. "Siwezi."

Alinipa mgongo hadi jioni, na uji akaukataa. Sikujua kama nimefanya wema au ukatili, na wewe hukuwepo nikuulize.

Likizo sasa inakwisha. Jana asubuhi tuliketi mezani kwa uji wa wimbi, maana majani ya chai tunayauza, ila kwa imani yetu bado hatuyanywi. Jicho zuri lilikuwa limezibwa. Majuma ya kwanza alikuwa akikipapasa kikombe chake kwa kiganja. Nilisimama kushukuru, kikombe mkononi, nami sala zangu ni ndefu, unazijua. Kabla sijafika "Amina", nilisikia:

"Babu, umemwaga tena."

Lilikuwa tone moja, juu ya kitambaa ulichokifuma mwenyewe. Alikuwa ameweka kidole juu yake.

Daktari hakutuahidi kitu, nami sitakuahidi. Plasta itaendelea, na nitaendelea kukataliwa. Nisamehe tu kwa kitambaa chako. Nitakifua kesho, leo niache nilitazame lile doa.

Pumzika kwa amani, mpenzi, hadi asubuhi ile tunayoingojea.

Ni mimi mumeo,
Baba Nyaboke