Bura, Umeniuliza Kama Ubaki Huko

Mume mwenzangu Bura,

Marahaba. Najua hujanisalimia, ila nimeitikia mapema ili usije ukasingizia mtandao.

Kwanza ujue kwamba sijakukumbuka hata kidogo. Nyumba hapa Maisaka imetulia, hakuna anayenimalizia sukari, redio ni yangu peke yangu, na simu siishiki ila nikitaka kujua saa. Nimenenepa. Mama Zuwena wa dukani anasema nimekuwa kijana.

Haya, uongo. Alichosema Mama Zuwena ni hiki: "Babu Bura, hiyo simu utaitoboa kwa macho." Na ile suruali yangu ya kijivu sasa naifunga kwa kamba.

Unakumbuka habari ya mwalimu wako? Muhula wako wa kwanza huko ughaibuni ulipiga simu ya picha, umevaa koti ndani ya nyumba, ukasema, "Babu, nina shida." Nikajua umempa binti wa watu mimba. Kumbe yule msimamizi wa utafiti wako, mzee mwenye mvi kunishinda, amekwambia umwite Petri. Petri tupu, kama mnachunga naye mbuzi. Wenzako wanamwita hivyo na midomo haiwaungui. Wewe ulishindwa. Tangu ufike ulikuwa humwiti kitu. Ukimtaka unasimama mlangoni kwake unakohoa mpaka ageuke. Mzee wa watu akakuhurumia, akakupeleka kwa daktari wa chuo upimwe kifua.

"Sasa nifanyeje, Babu?"

"Hana mtoto? Mwite Baba nani."

"Hana mtoto. Ana mbwa."

"Mbwa ana jina?"

"Anaitwa Otto."

"Basi umemaliza kazi."

Bibi yako akaninyang'anya simu. "Bura, mume wangu, usimsikilize huyu, atakufukuzisha shule!" Lakini ulimsikiliza nani? Ukaenda ukamwita Baba Otto mbele ya darasa zima, halafu ukaanza kueleza kwa nini, jasho linakutoka kwenye baridi. Ulituambia alivua miwani, akaipangusa kwa muda, akasema hajawahi kuitwa baba wa chochote. Siku hizi anatia sahihi hivyo hivyo chini ya barua anazokuandikia. Bibi yako alicheka mpaka akakalia mbaazi alizokuwa anapepeta.

Bibi huyo ndiye tuliyemzika mwaka wako wa pili, pale shambani Nakwa, nawe ukiwa ndani ya simu. Mama Zuwena alikunyanyua juu ya vichwa vya watu mpaka mkono ukamfa ganzi. Katekista alipoita wajukuu waje na udongo, niliokota bonge moja, nikalisogeza kwenye kioo ulione, nikasema, "Hili la Bura." Nikalitupa. Unasomea udongo, na wa bibi yako ulitupiwa. Sikuwahi kukuuliza ulifanya nini baada ya simu kukatika. Ulikwenda wapi na kilio chako kwenye jiji la watu wale wote?

Nauliza kwa sababu ya ile Jumapili. Ulipiga, ukasema sauti imekukauka, maana tangu asubuhi ulikuwa hujaongea na mtu. Ukasema kwenye bweni lenu kila mmoja ana sufuria lake na kijiko chake, na ukimsalimia mtu kwenye lifti anatoa vidude vya masikioni, anakuuliza kama kuna hatari. Nikakutania kwamba afadhali, usije ukawamalizia Kiingereza chao. Ambacho sikukwambia ni kwamba na mimi ndiyo nilikuwa nafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hapa siku hizi nabishana na mtangazaji wa redio, na ananishinda.

Sasa juzi ukaleta lile la Baba Otto. Kwamba anataka ubaki miaka mingine minne, uchukue huo udaktari usiotibu hata mafua. Ukasema, "Nimechoka kuwa peke yangu, Babu. Ukisema nirudi, narudi." Nikapiga kelele, "Halo! Halo! Sikusikii!" nikakata. Nilikusikia vizuri sana. Mtandao haujawahi kuwa mzuri namna ile.

Ningejibu palepale ningesema rudi, tena ningesema kesho.

Nimetulia, nasema baki. Usibaki kwa ajili ya cheo, wala kumfurahisha yule mzee. Baki kwa sababu ulipokuwa unanieleza vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi ya mbaazi ulisahau baridi, ulisahau bweni, ukaongea mpaka bando likaisha. Sikuelewa hata kimoja, lakini nilikuona uso. Uso ule ukiuleta hapa uje uniangalie ninavyosinzia, utaharibika.

Ila usikae hivyo kama umefungwa. Baba Otto naye anakula na mbwa, si ndiyo? Nenda kwake Jumapili na unga wako, msongee ugali, ale kwa mkono, ajichafue. Mimi nitahamia kibarazani kwa Mama Zuwena nikawasumbue wateja wake. Ameshaniambia kiti kipo, mdomo niuache nyumbani.

Naogopa kitu kimoja, nakisema haraka. Siku yangu nayo unaweza kuwa ndani ya simu. Ikiwa hivyo, mwambie anayekushika asinipige picha kwa upande wa puani. Na usikate simu mpaka umepata mtu wa kukaa naye huko.

Lakini miaka minne mfululizo sikubali. Najua humo katikati kuna likizo. Siku hizi siwezi tena kuinama nikafikia kucha za miguu. Alikuwa anazikata bibi yako, na tangu aondoke zimetoboa soksi zote. Mama Zuwena siwezi kumwomba, ni mke wa mtu, na mumewe ana panga. Wewe nilikukata kucha zako mpaka darasa la pili, ukinipigia kelele kama ndama anayechomwa alama, na siku moja uliniuma. Kwa hiyo nakudai. Likizo ya kwanza njoo unikate kucha, halafu urudi zako shule.

Ni mimi,
Babu yako